Mama Marianne wa Molokai: alikwenda kwa muda, akabaki miaka 35

Katikati ya mwaka 1883 barua moja iliwafikia masista Wafransisko katika mji wa Syracuse, jimbo la New York, Marekani. Iliandikwa na mmisionari, Padre Leonor Fouesnel, aliyetumwa na serikali ya Mfalme Kalākaua wa Hawaii kutafuta watawa wa kuuguza wagonjwa katika visiwa hivyo vya Bahari ya Pasifiki. Ugonjwa wenyewe ulikuwa ukoma. Padre huyo alikuwa amekwisha kubisha hodi katika mashirika zaidi ya 50 ya kitawa, na yote yalimkatalia.

Tusiwe wepesi wa kuyalaumu mashirika hayo. Wakati huo ukoma haukuwa na dawa. Daktari Hansen wa Norway alikuwa amegundua kimelea chake miaka kumi tu kabla, na hakuna aliyejua kwa hakika unavyoambukizwa. Mama mkuu wa shirika lolote aliyepokea barua ile alikuwa anaombwa kuwapeleka masista vijana mahali ambapo, kwa akili ya siku zile, wangeweza kurudi bila vidole au wasirudi kabisa. Syracuse walijibu tofauti. Mkuu wa shirika alikubali, akaomba awe miongoni mwa watakaokwenda. Jina lake la utawa lilikuwa Marianne, na alikuwa na umri wa miaka 45.

Alizaliwa tarehe 23 Januari 1838 huko Heppenheim, Ujerumani, akabatizwa Barbara Koob. Mwaka uliofuata wazazi wake walihamia Marekani wakakaa Utica, New York, ambako jina la ukoo likageuka kidogo kidogo kuwa Cope. Baba yake alikuwa mfanyakazi wa kawaida. Barbara alipomaliza darasa la nane baba aliugua asiweze tena kufanya kazi, na binti akaingia kiwandani. Wito wa utawa aliusikia akiwa bado msichana mdogo, lakini nyumbani kulikuwa na wadogo waliohitaji chakula na viatu. Akangoja, na si mwaka mmoja wala miwili: alingoja karibu miaka tisa, akifanya kazi ya kiwandani. Baba alipofariki mwaka 1862, na wadogo zake wameanza kujitegemea, hata miezi miwili haikupita akawa ameingia kwa masista wa Utawa wa Tatu wa Mtakatifu Fransisko. Aliweka nadhiri mwaka 1863, akiwa na miaka 25.

Sisi tunaosoma maisha ya watakatifu tuna tabia ya kuruka miaka ya katikati. Tunataka kufika upesi Molokai, kwenye bahari na majabali. Lakini bila Syracuse hatutamwelewa Mama Marianne, kwa maana yale aliyoyafanya Hawaii alijifunza huku, akishika funguo na daftari la hesabu.

Shirika lake liliwahudumia hasa wahamiaji Wajerumani, na kwanza walimweka kuwa mwalimu na mkuu wa shule. Kisha zikaja hospitali. Katika miaka ya 1860 masista hao walifungua hospitali mbili, Mtakatifu Elizabeti huko Utica na Mtakatifu Yosefu huko Syracuse. Hii ya pili ilianza mwaka 1869 katika jengo ambalo zamani lilikuwa baa na ukumbi wa dansi. Zote mbili zilipokea mgonjwa bila kuuliza taifa lake, dini yake wala rangi yake, jambo ambalo siku zile halikuwa la kawaida. Marianne aliongoza ile ya Syracuse kuanzia mwaka 1870 hadi 1877. Shule za uuguzi zilikuwa hazijaanza nchini Marekani wakati anashika kazi hiyo. Aliujifunza uuguzi kitandani pa mgonjwa, kwa kutazama na kwa kufanya.

Mambo mawili ya miaka hiyo yanastahili kutajwa. La kwanza, alipokea walevi. Watu wenye heshima zao mjini walinung'unika kwamba sadaka zao zinatumika kuwalaza watu waliojitakia ugonjwa. Yeye aliwaona ni wagonjwa kama wengine, akaendelea kuwapokea. La pili, chuo cha udaktari kilipohamia Syracuse, alikubali wanafunzi wake wajifunze hospitalini kwake, lakini kwa sharti: mgonjwa, hata awe maskini wa mwisho, ana haki ya kukataa kuchunguzwa mbele ya wanafunzi. Tunaona jambo hili kubwa kuliko linavyosikika. Siku zile maskini aliyelazwa bure alihesabiwa kama kitabu cha kujifunzia. Mwanamke aliyeishia darasa la nane alisimama mbele ya madaktari akawaambia kuwa hata asiyelipa ana neno la mwisho juu ya mwili wake.

Mwaka 1877 masista walimchagua kuwa mkuu wa shirika, na mwaka 1881 wakamchagua tena. Hapo ndipo barua ya Hawaii ilipomkuta.

Masista 35 walijitolea kwenda. Alichagua sita, akaondoka pamoja nao. Nia yake ilikuwa kuwafikisha, kuona wana mahali pa kulala na kazi imepangika, kisha arudi kwenye ofisi yake Syracuse. Siku hizi tunawajua wauguzi wanaojitolea kwenda ng'ambo na timu ya upasuaji wa moyo au wa macho, wiki mbili au tatu, wakarudi kazini kwao. Na ni huduma njema, mtoto mwenye tundu moyoni hatauliza muuguzi wake amekuja kwa muda gani. Mama Marianne naye alifunga mizigo akiwa na safari ya namna hiyo akilini, japo kwa meli ilikuwa safari ya miezi.

Walivuka bara kwa treni, wakapanda meli iitwayo Mariposa, na tarehe 8 Novemba 1883 wakatia nanga Honolulu. Kengele za kanisa kuu la Mama Yetu wa Amani zilipigwa kuwakaribisha.

Shangwe hizo hazikudumu. Wagonjwa wote waliotiliwa shaka ya ukoma visiwani walikusanywa kwanza Kakaako, hospitali ya serikali pembeni mwa Honolulu, kando ya bahari. Ilijengwa kwa ajili ya watu wapatao 100, nao masista walikuta zaidi ya 200. Uchafu ulikuwa wa kutisha, vidonda havijaoshwa, nzi kila mahali. Hakuna aliyewagusa wagonjwa wale isipokuwa kwa lazima. Masista walivua shela za safari, wakachota maji. Kazi ya kwanza ya umisionari wao ilikuwa kupiga deki.

Hapo tunapaswa kusimama kidogo juu ya jambo ambalo waandishi wa maisha yake hupenda kulipita haraka. Serikali iliyomwalika Mama Marianne ndiyo serikali iliyokuwa na sheria ya mwaka 1865 ya kuwatenga wenye ukoma. Kwa sheria hiyo mume alichukuliwa kwa mkewe na mtoto akachukuliwa kwa mama yake, wakapelekwa rasi ya Kalaupapa katika kisiwa cha Molokai, mahali pa bahari pande tatu na ukuta wa majabali upande wa nne. Wa kwanza walipelekwa Januari 1866. Sheria ilikuja kufutwa mwaka 1969, na kufikia hapo watu wapatao 8,000 walikuwa wamepelekwa, wengi wao Wahawaii wenyeji wa visiwa. Je, sista aliyefanya kazi ndani ya utaratibu huo aliusaidia kuendelea? Swali ni la haki, na mafrateri watakaokuwa wasimamizi wa taasisi za Kanisa hawana budi kulizoea, kwa sababu watakuta mara nyingi wanahudumu ndani ya mipango ambayo hawakuipanga na ambayo ina ubaya wake. Hakuitunga sheria ile wala hakuwa na uwezo wa kuifuta. Alichokuwa nacho mkononi ni namna ambavyo mtu aliyechukuliwa kwao angeoshwa, angevikwa, angeitwa na kuzikwa. Akaishikilia hiyo kwa ukali.

Ukali huo ulionekana mapema. Mwaka 1884 serikali ilimwomba aanzishe hospitali katika kisiwa cha Maui, naye akafanya hivyo. Ikaitwa Malulani, hospitali ya kwanza ya watu wote kisiwani humo. Akiwa huko alipata habari kwamba msimamizi aliyewekwa na serikali Kakaako anawatesa wagonjwa. Alirudi Honolulu, akajionea mwenyewe, akaipa serikali chaguo: ama msimamizi yule aondoke, ama masista wapande meli warudi kwao. Serikali ilijua kwamba mashirika 50 yalikataa na kwamba hakuna mwingine atakayekuja. Msimamizi akaondolewa, na Mama Marianne akakabidhiwa hospitali yote. Basi tukimwona katika picha, uso mtulivu ndani ya shela, tusidhani upole wake ulikuwa wa kukubali kila kitu.

Baada ya hapo habari ya kurudi Syracuse ikazidi kufifia. Serikali na Kanisa la Hawaii walimsihi abaki, na kila alipotazama aliona kazi ambayo ingeanguka akiondoka. Uongozi wa shirika ukapita kwa mwingine. Hatujui saa wala siku aliyoamua kwamba harudi. Inaelekea hakuwahi kuamua, alibaki tu kesho hadi kesho.

Novemba 1885 alifungua nyumba ya Kapiolani, iliyopewa jina la malkia, kwa ajili ya mabinti wazima ambao wazazi wao walikuwa na ukoma. Wasichana hao hawakuwa na ugonjwa wowote, lakini hakuna jamaa wala kituo kilichotaka kuwapokea. Mfalme alimtunukia nishani. Yeye aliendelea na nyumba.

Mwaka uliofuata alikuja Honolulu mgeni aliyejulikana duniani kote. Padre Damien De Veuster, Mbelgiji wa shirika la Mioyo Mitakatifu, alikuwa Molokai tangu 1873, na sasa ilikuwa imethibitika kwamba yeye mwenyewe ana ukoma. Wakubwa wa serikali, na hata baadhi ya wakubwa wa Kanisa, hawakutaka kukaa naye karibu. Mama Marianne alimpokea Kakaako. Alijua anachokiomba padre yule: masista waende Molokai, kwa maana anakufa, na wavulana na wasichana yatima wa kule hawatakuwa na mtu.

Nafasi ilipatikana kwa njia ya ajabu kidogo. Mwaka 1887 serikali ya Honolulu ilipinduka, na watawala wapya wakaamua kufunga Kakaako na kuwapeleka wagonjwa wote moja kwa moja Kalaupapa. Walimwuliza kama masista watakwenda. Walijua, naye alijua, kwamba safari hii haikuwa na tikiti ya kurudi. Alikubali. Tarehe 14 Novemba 1888 alishuka Kalaupapa pamoja na Sista Leopoldina Burns na Sista Vincentia McCormick. Hakutoka tena Molokai hadi kufa.

Walikabidhiwa nyumba mpya ya wanawake na wasichana, iliyojengwa kwa fedha za Charles Bishop, mfanyabiashara wa benki na mjane wa binti wa ukoo wa kifalme. Haja yake ilikuwa kubwa. Msichana aliyefika Kalaupapa bila ndugu alikuwa mawindo ya wanaume waliokwisha kukata tamaa ya maisha na hawakuogopa sheria yoyote, kwani adhabu gani ingezidi ile waliyo nayo? Mama Marianne akaizungushia nyumba uzio, akaweka zamu, na mwanamume hakupita pale bila ruhusa yake.

Ndani ya uzio huo alifanya kitu ambacho wengine walikiona cha ajabu, pengine hata cha kupoteza fedha. Alishona magauni. Hazikuwa sare za kijivu za hospitali. Alitafuta vitambaa vizuri, akafuata mitindo ya wakati ule, akatengeneza kofia na skafu, na wasichana ambao nyuso zao zilikuwa zimeharibika walikwenda misa Jumapili wamependeza. Alipanda miti na maua katika ardhi kavu yenye upepo. Akafundisha muziki na kushona. Msomaji anayemjua mtu wa familia aliyefichwa nyuma ya nyumba kwa sababu ya ugonjwa ataelewa mara moja thamani ya gauni lile.

Damien alifariki tarehe 15 Aprili 1889, miezi mitano tu baada ya masista kufika. Alikuwa amehakikishiwa kwamba wavulana wake hawataachwa. Mama Marianne aliichukua nyumba ya wavulana pia, upande wa Kalawao, akisaidiana na Joseph Dutton, Mmarekani aliyewahi kuwa askari na aliyejitolea tangu 1886. Masista waliibeba kazi hiyo ya pili hadi mwaka 1895, mabruda wa Mioyo Mitakatifu walipoipokea.

Mwezi Mei wa mwaka huohuo wa 1889 mwandishi Robert Louis Stevenson, Mskoti aliyelelewa katika Uprotestanti, alitembelea Kalaupapa kwa siku chache. Alicheza na wasichana wa nyumba ya Bishop mchezo wa kugonga mpira kwa nyundo za mti, akamwandikia Mama Marianne shairi, na baadaye akawatumia piano. Piano hiyo tunaipenda kuliko shairi, kwa kuwa ilipigwa na watu ambao dunia ilishawafuta.

Sasa tuseme neno juu ya sabuni. Kumbukumbu ya shirika lake inasimulia kwamba sista kijana alimwuliza nini kitatokea akiupata ukoma, na Mama Marianne akamjibu kwa uhakika kwamba hataupata, na kwamba hakuna hata mmoja wao atakayeupata. Wengine hulisimulia hilo kama unabii, na hatukatai. Ila tunaona pia kwamba mama huyu aliusindikiza unabii wake kwa kanuni kali ya usafi: kunawa mikono kila baada ya kumgusa mgonjwa, vyombo vya kila upande kukaa upande wake, milango ya masista na ya wagonjwa kutochanganywa. Alimfunga mgonjwa kidonda kwa mikono yake bila kusita, kisha akaenda kunawa. Na kweli, tangu 1883 hakuna sista wa shirika lake aliyeupata ukoma katika huduma hiyo. Leo sayansi inatwambia kwamba watu wengi sana wana kinga ya asili dhidi ya ugonjwa huu, kwamba unatibika kwa vidonge, na kwamba tangu 1995 dawa zake hutolewa bure kupitia Shirika la Afya Duniani. Anayeona baka lisilo na hisia kwenye ngozi aende zahanati mapema. Hana sababu ya kujificha.

Mama Marianne hakuiona siku ya vidonge hivyo. Dawa zilizotibu kweli zilifika Kalaupapa katika miaka ya 1940. Kwa miaka 30 yeye aliuguza watu akijua kwamba hakuna atakayepona, na hili tunadhani lilikuwa gumu kuliko hatari ya kuambukizwa. Muuguzi wa upasuaji humwona mtoto akirudishiwa pumzi, akamsindikiza mlangoni na mama yake. Yeye alimsindikiza msichana makaburini, akarudi kumpokea mwingine aliyeshuka melini akilia. Juu ya majabali yale dunia ilibadilika: malkia akapinduliwa mwaka 1893, Hawaii ikachukuliwa na Marekani mwaka 1898, bendera zikashushwa na kupandishwa. Bondeni magauni yaliendelea kushonwa na vidonda kufungwa.

Katika miaka yake ya mwisho figo na moyo vilimsumbua, akawa anasukumwa kwenye kiti cha magurudumu. Alifariki tarehe 9 Agosti 1918, akiwa na miaka 80, akazikwa pale pale kwenye viwanja vya nyumba ya Bishop, karibu na miti aliyoipanda.

Umaarufu wake haukukua haraka kama wa Damien, na sababu si ngumu kuiona: padre aliyekufa kwa ukoma husimuliwa kwa urahisi kuliko sista aliyefuata kanuni za usafi akafa kwa uzee. Kanisa lilimtangaza mwenyeheri Mei 2005, na tarehe 21 Oktoba 2012 Papa Benedikto XVI akamtangaza mtakatifu, miaka mitatu baada ya Damien. Sikukuu yake ni tarehe 23 Januari, siku aliyozaliwa.

Masalia yake yalichukuliwa kutoka Molokai mwaka 2005, yakapelekwa Syracuse kwenye nyumba mama ya shirika. Kwa hiyo alirudi ofisini kwake, kama alivyokusudia, akiwa amechelewa zaidi ya miaka 120. Hakukaa sana. Majengo yale ya zamani yalipofungwa mwaka 2014, masista walimrudisha Hawaii, naye sasa yupo Honolulu, katika kanisa kuu la Mama Yetu wa Amani, lile ambalo kengele zake zilipigwa siku meli ya Mariposa ilipotia nanga.